Damu ya Mvuta Kamba

Mume wangu alikuwa mpakiaji wa miwa. Miaka ile sukari ilipokuwa sukari, miwa ilipanda kwenye trela kwa bega la mtu. Wakataji walitangulia na mapanga, wakailaza kwa safu, na nyuma yao wakaja wapakiaji. Waliufunga mzigo, wakaupandisha begani, wakakwea nao ubao uliolazwa ubavuni mwa trela. Mume wangu akikwea, ubao ulipinda katikati, na watu waliokuwa wakipita njia walisimama kutazama.

Nilimpenda kwa sababu hiyo, na sioni haya kusema. Baba yangu alikuwa mtu mdogo mwenye pumu, na mama ndiye aliyepasua kuni na kuchimba mitaro nyumbani kwetu. Nilipoolewa huku, kwenye kilima cha miwa upande wa kwenda Butere, niliona nimepata ukuta wa kuegemea.

Ilikuwa miaka ya neema. Nyumba za nyasi ziliezuliwa zikawekwa mabati. Mtu ambaye babake alikufa bila viatu alinunua baiskeli na redio mwaka mmoja. Miwa ilipandwa hadi mlangoni; ile sehemu ya mahindi na mboga za mrenda ikamezwa, nasi wakulima tukawa tunaenda sokoni kununua unga wa obusuma, ugali wetu. Mashamba yalipochomwa kabla ya kukatwa, majivu meusi yalishuka juu ya nguo nilizoanika, nikazifua upya. Hewa yote ilinuka molasi. Watu walicheka sana wakati ule. Nakumbuka kicheko chao kwa sababu nyumbani kwangu kilikuwa kimeanza kukatika.

Binti yetu wa kwanza hakuwa ametimiza mwaka mikono yake ilipovimba. Ilikuwa ni migongo ya viganja na nyayo tu. Vidole vilituna, ngozi ikang'aa. Ukimshika analia, ukimwacha analia. Zahanati ilimpa dawa ya malaria, uvimbe ukashuka, nikashukuru. Kisha ukarudi. Safari hii macho yake yalikuwa na umanjano, na tumbo upande wa kushoto lilikuwa gumu. Nilipomfunga mgongoni nilisikia moyo wake ukipiga mbio kama wa ndege aliyeshikwa.

Mama mkwe wangu alikaa boma moja nasi. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa amezika watoto wake watatu wadogo, na hakuna aliyewahi kumwambia walikufa kwa nini. Lakini uchungu usio na jibu hutafuta mtu wa kuubeba, na aliyekuwa karibu ni mimi.

"Kwetu watu ni wa nguvu," aliniambia siku moja nikimkanda mtoto na kitambaa cha maji moto. "Mwangalie babake. Huu ulegevu umetoka upande wa wale wenye pumu."

"Mama, huyu mtoto ni mgonjwa. Si mlegevu."

"Mgonjwa wa nini? Ugonjwa hauna jina?"

Alinipeleka kwa mwanamke mmoja wa kuondoa jicho baya, akamchanja mtoto chale ndogo kifuani na kupaka dawa. Nilikubali. Ningekubali lolote. Mtoto akiumwa hivyo mbele yako, akili yako inakuwa kama mlango usio na komeo. Kila anayesukuma anaingia.

Mume wangu, akirudi jioni, alimchukua mtoto, akamlaza juu ya kifua chake kipana, na mara nyingine mtoto alinyamaza. Nami nilifikiri, laiti angemgawia nguvu zake kidogo tu.

Wakati huo ndipo habari za kuvuta kamba zilipoingia. Kontrakta aliyewaajiri wapakiaji alikuwa na mpinzani wake, kontrakta wa upande wa pili wa mto, na wawili hao walikuwa wamekubaliana vijana wao washindane siku ya sherehe za mwisho wa msimu. Kwa washindi, kontrakta wetu aliahidi kila mtu ng'ombe wa maziwa. Mume wangu aliteuliwa kuwa mtu wa mwisho wa kamba, yule anayejifunga kamba kiunoni na kuzika visigino ardhini. Akaletwa mwalimu wa mazoezi, mzee aliyewahi kuwa askari, mwenye filimbi na kaptura iliyopigwa pasi.

Mazoezi yalifanywa saa sita mchana, baada ya trela za asubuhi kujaa. Palikuwa na ekseli ya trekta iliyotolewa gereji, na magurudumu mawili ya chuma yamekazwa mwishoni. Kila kijana aliichukua kutoka chini, akaiweka mabegani, akachutama nayo, akasimama, akachutama tena, hadi filimbi ilie. Baadaye walivuta kamba iliyofungwa kwenye mti. Nilikuwa nikipeleka chakula, nikawaona. Jua lilikuwa kali, miwa iliyowazunguka imekata upepo wote. Kando ya uwanja palikuwa na pipa la maji, na mwalimu amelikalia.

"Maji yanalegezanga mwili," aliwaambia. "Mtakunywa mkimaliza. Jeshini tulitembea kutwa bila tone."

Nilimwambia mume wangu asiende tena. Alikuwa anarudi na kichwa kinachogonga, mapaja yamekaza kama mbao, hawezi kukalia kigoda.

"Mtoto anataka maziwa," alisema. "Wewe mwenyewe umesema."

"Anataka na baba."

Alicheka. "Baba yuko. Nguvu ya mtu hukua ikitumiwa. Nami nikiongeza yangu, huenda Mungu atampa na yeye."

Neno hilo ndilo nililokuwa nikiliomba kanisani. Tena nilikuwa na siri yangu: mwezi wangu ulikuwa umepita bila kuona siku zangu.

Siku alipoanguka nilikuwa nimekaribia uwanja, sufuria kichwani, mtoto mgongoni. Aliinua ekseli, akachutama, akasimama. Mwalimu alihesabu kwa sauti. Kisha nikaona miguu ya mume wangu inatafuta ardhi kama miguu ya mtu anayeshuka ngazi gizani. Hakupiga kelele. Wenzake waliidaka ekseli, naye akakaa chini polepole, akijishangaa.

"Simama!" mwalimu aliita. "Usikae, misuli itafunga!"

"Haitaki," mume wangu alisema. "Miguu haitaki."

Nilipomfikia alikuwa ananitambua, anaongea, lakini jasho lilikuwa limekauka mwilini mwake na midomo ikawa na rangi ya majivu. Nilimshika paja. Nilikuwa nalijua paja lile. Sasa lilikuwa kama jiwe lililofunikwa ngozi. Nilichota maji pipani kwa kifuniko cha sufuria, na mwalimu hakunizuia. Mume wangu alikunywa, akatapika, akanywa tena.

Walimpandisha juu ya trela iliyojaa, wakamlaza juu ya miwa, nami nikakaa kando yake hadi barabara kuu. Huko tulipata gari la mwenye duka likatupeleka hospitali ya Kakamega. Njiani aliniuliza kama ekseli iliumiza mtu. Baadaye aliacha kuuliza kitu.

Wodini walimpa chupa akojoe. Kilichotoka kilikuwa kidogo, cheusi, kama chai ya rangi iliyochemshwa ikasahauliwa motoni. Muuguzi aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha akatoka haraka, na kwa haraka ile nikaelewa.

Daktari aliyekuja alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kidogo, mwenye sauti ya chini. Alimtundikia maji mkono huu na mkono huu. Aliuliza alikuwa akifanya nini, saa ngapi, amekunywa nini tangu asubuhi. Nilimjibu: chai kikombe kimoja, alfajiri.

"Na kazi ya kupakia ameifanya kwanza? Kisha vyuma?"

"Ndiyo."

Alifunga macho kidogo. Kisha akanieleza, na hadi leo namshukuru kwamba alinieleza kama mtu mwenye akili.

"Damu si maji matupu, mama," alisema. "Ni maji yenye chembe, na chembe nyekundu ndizo nyingi. Zimeumbwa duara, laini, kama chapati changa. Mishipa mingine ni myembamba kuliko chembe yenyewe, kwa hivyo chembe hujikunja ili ipite. Mtu akinyanyua kitu kizito, misuli inabana mishipa. Maji ya damu yanatoka, mengine yanaingia kwenye misuli, mengine yanatoka kwa jasho. Chembe zinabaki zimesongamana. Damu inakuwa nzito kama uji uliokosa maji."

"Kwa kila mtu?"

"Kwa kila mtu. Kwa wengi haidhuru. Akipumzika na kunywa maji, inarudi kama kawaida. Na mtu akifanya mazoezi taratibu kwa miezi, akapumzika, akanywa maji, mwili wenyewe unajifunza kuongeza maji kwenye damu. Damu yake inakuwa nyepesi kuliko yako na yangu. Mazoezi si adui. Lakini hivi walivyofanya ni kumkausha mtu na kumpiga. Misuli yake imepasuka ndani. Takataka zake ndizo hizo umeona kwenye chupa, na zinaziba figo."

"Mbona wenzake hawakuanguka?"

Mtoto alikuwa ameamka mgongoni, akaanza kile kilio chake chembamba. Daktari alizunguka nyuma yangu kumtazama. Alimvuta chini ukope wa jicho kwa kidole gumba. Akamshika mkono, akaugeuza.

"Huyu amekuwa hivi tangu lini?"

Nilimweleza yote: kuvimba, umanjano, homa, hata zile chale. Kadiri nilivyosema ndivyo uso wake ulivyozidi kutulia, na utulivu ule uliniogopesha kuliko chupa ya mkojo.

"Nataka damu yenu," alisema. "Nyote watatu."

Maabara ilikuwa chumba chenye dirisha moja na harufu ya spiriti. Mpimaji alitudunga vidole, akaweka tone la kila mmoja kwenye kioo chake, akaongeza dawa na kulifunika ili lisipate hewa. Ikawa ni kungoja. Nilikaa kwenye benchi nikimnyonyesha mtoto huku najua kwamba kwenye chumba kingine baba yake anangoja kukojoa. Nilimwomba Mungu mambo mawili kwa pamoja, kisha nikaogopa kwamba nimeomba mengi na atanipa moja.

Daktari ndiye aliyeniambia nitazame mwenyewe. Niliinamia darubini, sikuona kitu isipokuwa kope zangu, kisha nikaona. Ilikuwa damu ya mtoto wangu. Chembe chache zilikuwa duara kama alivyosema. Nyingine zote zilikuwa zimenyooka na kupinda, zimechongoka ncha mbili, zimetupwa ovyo kama kucha zilizokatwa.

"Hizo hazijikunji," daktari alisema. "Ni ngumu. Zikifika kwenye mishipa ya vidole zinakwama, damu inasimama nyuma yake, na hapo ndipo anapolia. Ugonjwa huu unaitwa selimundu. Alizaliwa nao."

"Kutoka wapi?"

"Nusu kwako, nusu kwa babake. Nyinyi kila mmoja ana nusu tu, na mwenye nusu huishi maisha yake yote bila kujua. Isipokuwa akaushwe, apigwe jua, anyanyuzwe vyuma hadi chembe zake zikose hewa. Hapo hata nusu inaweza kugeuka."

Nilimuuliza dawa ni gani. Akanitajia vidonge vya kuongeza damu, vidonge vya kuzuia malaria, maji mengi, asipigwe na baridi. Nilingoja ataje ile ya kuponya. Alifunga kalamu yake, nami nikaelewa kwamba orodha imekwisha.

"Na aliye tumboni?" niliuliza.

Alinitazama tumbo, ambalo lilikuwa bado halionyeshi kitu.

"Anaweza kuwa mzima kabisa. Anaweza kuwa na nusu. Anaweza kuwa kama dada yake. Haiwezi kujulikana sasa."

Nilitoka nje, nikasimama karibu na ukuta wa jiko la hospitali walipokuwa wakiosha sufuria kubwa za uji. Sikulia. Nilitamani kumlilia mtu, lakini yule niliyezoea kumlilia alikuwa amelala na mirija miwili mikononi.

Figo zake zilirudi. Haikuwa mara moja. Siku baada ya siku kwenye chupa palitoka mkojo kidogo, mweusi, kisha wa kahawia, hadi asubuhi moja muuguzi akaja ameishika kama zawadi. Lakini aliyetoka hospitalini hakuwa yule aliyeingia. Mapaja yalikuwa yamekwisha, suruali ilimzunguka. Daktari alimkataza kupakia, akamkataza ekseli. Alimwambia anaweza kutembea, kulima kidogo asubuhi, na anywe maji kabla ya kusikia kiu.

"Kwa hivyo mimi ni mgonjwa," alisema.

"Hapana. Wewe ni mzima mwenye mpaka."

Timu yake ilivuta bila yeye ikashindwa, na watu walikuja kumpa pole kwa kushindwa kule kana kwamba ndiyo hasara tuliyopata.

Mama mkwe alitungoja ugani. Alikuwa amechinja kuku, ingokho ya kumkaribisha mwanawe, na akina mama wa jirani walikuwa wamekuja. Tulipokwisha kula, alimwinua mtoto, akamtazama, akasema mbele ya wote, "Sasa jamani, na huyu alipimwa? Walisema imetoka upande gani?"

Nilikuwa nimeambiwa jibu, nalijua, lakini kinywa changu kilikuwa kimechoka kujitetea. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amekodolea macho mikono yake. Nilifikiri: asiposema sasa, nitaondoka na mtoto huyu na aliye tumboni, nirudi kwa baba yangu mwenye pumu.

"Imetoka kwangu," alisema.

"Wewe?" Mama mkwe alicheka kidogo. "Wewe uliyekuwa unabeba trela?"

"Mimi, mama. Nusu kwangu, nusu kwake. Nami sikujipa. Ama nimeitoa kwako, ama nimeitoa kwa baba."

Kicheko kilikoma. Niliona mama mkwe anakaa, mtoto mapajani, na uso wake ukaanza kurudi nyuma, miaka mingi nyuma. Alishika kiganja cha binti yangu akakifungua vidole kimoja kimoja.

"Wale wangu," alisema, "nao walivimba hivi."

Tangu siku hiyo hakunisema tena. Alikuwa akimchemshia mtoto maji, akayapoza, akamnywesha kwa kijiko kutwa nzima, na mara nyingine nilimsikia akimwita kwa jina ambalo si lake.

Mvua za masika zilipokuja, mtoto alipata malaria licha ya vidonge. Ndani ya siku chache weupe wa macho ukawa manjano kabisa na ulimi ukawa mweupe kama karatasi. Mume wangu alimchukua mikononi, akaanza kutembea kwenda barabarani. Trela zilikuwa zimekwama kwenye matope, hakuna gari lililopita. Nilimfuata na tumbo langu, nikimwita apumzike, anywe maji. Alisimama, akanywa, akaendelea. Mtoto alikuwa amejifunza maneno machache tu, na moja lao alikuwa analirudia juu ya bega lake: "Pole. Pole." Sijui kama alimaanisha twende polepole, au alikuwa anampa babake pole.

Barabara kuu ndipo tulipopata gari. Hospitalini daktari yule yule alisema anahitaji damu, na damu haikuwapo. Yangu haifai, nina mimba na nina nusu. Ya babake haifai. Mama mkwe, aliyetufuata, ni mzee. Tulikaa pale tukitazamana, watu wazima watatu tuliojaa damu isiyo na faida.

Mume wangu alitoka. Alirudi jioni na wavuta kamba. Aliwakuta kwenye kambi ya wapakiaji, akawaeleza, wakaja wote na matope miguuni, na mbele yao yule mwalimu na kaptura yake. Walijipanga ukutani wakubwa kama milango. Mmoja, ambaye nimemwona akibeba mizigo miwili kwa mpigo, aliiona sindano akaporomoka chini. Muuguzi alilazimika kumruka ili amfikie wa pili. Nilicheka. Ndicho kicheko changu pekee ninachokikumbuka mwaka ule.

Mpimaji aliwapima wote kwanza, na wawili kati yao wakakutwa na ile nusu. Waliambiwa watoke kwenye safu. Mmoja wao alikuwa na watoto wanne nyumbani. Niliona anavyohesabu nyuso zao kichwani, amesimama peke yake, mkono wa shati bado umekunjwa.

Mwalimu alitoa damu. Alipomaliza alikuja alipokuwa mume wangu, akasimama kama askari.

"Sikujua," alisema.

"Najua hukujua."

"Nilifundishwa hivyo. Wengine wetu walianguka hivyo hivyo jeshini. Tuliambiwa ni waoga." Alikunjua mkono wa shati lake, akatoka.

Damu yao iliingia kwa mtoto wangu tone moja moja. Kabla haijaisha alikuwa amepata rangi. Alikaa kitandani akaomba ndizi.

Mtoto wa pili alizaliwa wakati miwa mipya inafika kiunoni. Alikuwa mvulana, mnene, mwenye sauti. Nilimpeleka kupimwa akiwa bado na kitovu, lakini daktari alinirudisha. Alisema mtoto mchanga huzaliwa na damu ya tumboni, ambayo huficha ukweli. Nirudi akitimiza nusu mwaka. Miezi ile sitaki hata adui yangu aipitie. Kila asubuhi, kabla sijasali, nilifunua blanketi nikatazama vidole. Nilivibonyeza kimoja kimoja. Akilia kwa njaa nilidhani ni maumivu. Nilikataa kumpenda sawasawa. Nilimnyonyesha huku nimetazama ukuta, maana nilijiambia moyo hauna damu ya kutosha wawili. Mume wangu alimbeba badala yangu. Mwisho wa muda ule tulienda, tukadungwa, tukangoja. Alikuwa na nusu, kama sisi. Nilimkumbatia hadi akakosa pumzi, nikamwomba msamaha kwa lugha yetu, mpimaji akageukia dirisha.

Binti yetu aliishi hadi darasa la tatu. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa hesabu, mkali kwa mdogo wake. Walimu walikuwa na ruhusa ya kumwacha anywe maji darasani. Aliondoka wakati wa kiangazi, kwa maumivu ya kifua yaliyomshika asubuhi na kumaliza kazi kabla ya jioni, na safari hiyo tulikuwa tumefika hospitalini mapema, na damu ilikuwapo, na daktari alikuwapo, na kila kitu kilifanywa. Kwa muda mrefu hilo ndilo lililoniua zaidi: kwamba hapakuwa na mtu wa kulaumu.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, mume wangu alipotea nyumbani. Nilimkuta shambani kwa watu, kwenye trela iliyokuwa imeachwa nusu. Alikuwa anapakia peke yake, kwenye jua, bila shati. Anachukua mzigo, anakwea, anautupa, anashuka. Nilimwita, hakunisikia. Nilisimama chini ya ubao, nikaushika kwa mikono miwili, nikasema, "Ukitaka kupanda tena, panda juu yangu." Alibaki na mzigo begani muda mrefu. Kisha akauacha uanguke, miwa ikasambaa, akakaa juu yake.

Miaka mingine ikapita. Alipata kazi ya kulinda lango kwenye shule moja, kazi ya kukaa, akaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Mimi nilitaka mtoto mwingine. Nilitaka msichana, na nilijua ninachotaka ni nini hasa. Siku moja, tukipukuchua mahindi mlangoni, nilimwambia.

Hakukasirika. Alimaliza gunzi lile, akachukua lingine.

"Tuna mmoja anayeishi," alisema. "Mimi naogopa."

"Daktari alisema anaweza kuwa mzima."

"Alisema pia anaweza kuwa kama dada yake."

"Kwa hivyo tuache?"

"Tuache, mama. Nimekuomba."

Hakuwa amewahi kuniomba kitu kwa sauti ile. Kijana wetu alikuwa uani, akipiga mpira ukutani, na tulimsikia akijihesabia mabao. Nilijua nikikataa atanikubalia, na nilijua kwamba hatapata usingizi tena. Niliendelea kupukuchua. Ungo ulipojaa nikamwambia sawa, nikauinua, nikaupeleka ndani, nikasimama huko gizani hadi nikaweza kutoka.